Sarafu Bandia katika Mchezo wa Kubuni

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao watu wachache huuchezea mezani, mmoja wao akiwa msimulizi wa nchi ya kubuni yenye majini na majoka, na waliosalia wakijivika kila mtu nafsi ya shujaa wake na kutamka alitendalo; na jambo likiwa na shaka, hutupwa dadu ya pande 20 ikakata shauri. Katika nchi hiyo mashujaa hujaza mifuko dhahabu tangu siku ya kwanza, na ni nadra kusikia mmoja akiuliza kama dhahabu yenyewe ni halisi.

Msimulizi apendaye kuwatia shaka hiyo yampasa aanze na mghushi kabla ya wapelelezi: kalibu yake ameificha wapi, makaa huyanunua kwa nani, na ni mkono gani umpelekeao sarafu sokoni. Kisha aijue madini. Dhahabu ni nzito mno, sentimita moja ya ujazo ikiwa na gramu 19.3, ilhali risasi haifiki gramu 12. Basi atakayeipaka risasi dhahabu hana budi kuchagua aibu mojawapo, sarafu yake iwe sawa kwa umbo na pungufu kwa uzito, au iwe sawa kwa uzito na nene kuliko mwenziwe. Fedha ina hila nyingine, kwani ni gramu 10.5, na risasi ikichanganywa na bati kwa kadiri huufikia uzito huo barabara. Hapo mizani hudanganyika, na shahidi wa kweli ni sikio, kwa kuwa fedha ikidondoshwa juu ya jiwe hulia kama njuga, na risasi hulia kama gogo.

Kosa kubwa, ambalo nami nimelitenda, ni kuifungia hadithi nzima nyuma ya dalili moja, dadu ikakataa, wachezaji wakabaki kutazamana hata chai ikapoa. Afadhali sonara aseme lake, na mchoma makaa aliyeongezewa mteja wa usiku, na mvuvi aliyekataliwa sarafu yake dukani; dadu iamue wamechelewa kiasi gani, isiamue kama watajua.

Anayetafuta kielelezo asiende mbali na tarikhi. Isaac Newton, yule mwanazuoni, alipewa mwaka 1696 usimamizi wa kiwanda cha sarafu cha London, akawahoji mashahidi yeye mwenyewe na kupenyeza wapelelezi hata gerezani, almuradi amnase mghushi William Chaloner, aliyenyongwa mwaka 1699. Ajabu ya mtu huyo ni kwamba alithubutu kusimama mbele ya kamati ya Bunge, akawashutumu maofisa wa kiwanda kile kwa uzembe na hila, na kujitolea kuwafunza dawa ya kuzuia sarafu bandia.

Mimi ningemtia mtu wa namna hiyo katika baraza la sultani wa kubuni, mzee wa maneno matamu, awe ndiye wa kwanza kulalamika kwamba soko limeharibika, ndiye awaajiriye mashujaa kumtafuta mhalifu, na ujira wao awahesabie kwa mkono wake, kwa sarafu mpya zing'aazo, juu ya zulia nene lisilotoa sauti.