Gari Hupimwa kwa Kilicho Nyuma Yake: Waingereza na Karavani Zao

Shule za Uingereza zinapofungwa mwezi wa Julai, barabara kuu ya M5 inayoteremka kusini magharibi kuelekea Devon na Cornwall hujaa magari yanayovuta nyumba nyeupe. Ndani ya nyumba hizo mna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na sinki la kuoshea vyombo. Nyumba yenyewe huitwa karavani, na wanaosafiri nayo ni jamii kamili, yenye kanuni zake, heshima zake na ubishi wake wa miaka nenda miaka rudi. Ubishi mkubwa kuliko yote ni huu: gari lipi linafaa kuivuta?

Asiyewajua atadhani ni mazungumzo ya wapenzi wa injini tu. Mimi nauona ubishi huo kuwa mlango wa kuielewa jamii yenyewe. Kwingine watu hulisifu gari kwa mbio, kwa sura au kwa jina la kampuni. Kwa watu wa karavani, gari hupimwa kwa kile kilicho nyuma yake. Je, linaivuta nyumba bila kuyumba? Linapanda vilima vya Devon bila maji kuchemka? Asubuhi ya mvua litatoka kwenye majani yaliyolowa? Gari likifaulu hapo, litaheshimiwa hata kama umbo lake ni la sanduku, na lisipofaulu, bei yake haitalisaidia.

Desturi ya kusafiri na karavani ilianza kabla ya gari kuingia barabarani. Mwaka 1885 daktari Mskoti, William Gordon Stables, aliyekuwa ametumika kama tabibu katika Jeshi la Majini la Uingereza na baadaye akawa mwandishi wa hadithi za vijana, aliagiza nyumba ya magurudumu kwenye kiwanda cha mabehewa cha Bristol. Aliipa jina la Wanderer. Ilikuwa na uzito wa karibu tani mbili na ilivutwa na farasi wawili. Alitoka nayo Twyford, kijiji kilicho jirani na mji wa Reading, akaenda hadi Inverness, kaskazini mwa Uskoti, mwendo wa maili zipatazo 1,300. Waroma, jamii ya wahamaji, walikuwa wakiishi katika nyumba za namna hiyo tangu zamani. Jambo jipya kwa Stables lilikuwa kusafiri hivyo kwa starehe, kisha kurudi kwake. Mwaka 1907 J. Harris Stone akaanzisha Caravan Club, na Stables akapewa umakamu wa rais. Tangu hapo swali la kwanza la safari likawa ni nani anayevuta, maana farasi wakichoka njiani, na nyumba imesimama.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Eccles ya Birmingham ikaanza, mwaka 1919, kutengeneza karavani za kuvutwa na magari. Wateja walikuwa watu wenye uwezo. Aliyeipeleka karavani kwa mtu wa kawaida ni Sam Alper, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kuunda Sprite, karavani ya bei nafuu na nyepesi. Wepesi ndio uliokuwa siri. Familia nyingi zilikuwa na gari dogo la injini ndogo, na karavani nyingi za wakati huo hazikufika tani moja, basi Austin ya kawaida, na baadaye Ford Cortina, iliweza kuikokota hadi baharini, polepole, dereva akiwa na jicho moja kwenye kipimo cha joto la maji.

Ukitaka kuwachangamsha wazee wa karavani, waulize kuhusu magari ya miaka ya 1970. Majina hutoka upesi.

La kwanza mara nyingi ni Range Rover, iliyotoka mwaka 1970. Ilikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5, magurudumu yote manne yakivuta wakati wote, breki za diski mbele na nyuma, na springi za koili badala ya zile za majani zilizowatikisa abiria wa Land Rover. Kabla yake, mwenye kutaka nguvu za shambani alilazimika kuvumilia kiti kigumu na kelele. Range Rover ilimpa vyote viwili, nguvu na raha. Ila ilikunywa petroli bila huruma na bei yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo wengi waliisifia wakiwa ndani ya magari mengine.

Citroën ilikuwa na wafuasi wake, nao walikuwa wakali. DS ya mwaka 1955, na CX iliyoifuata mwaka 1974, hazikukaa juu ya springi za kawaida bali juu ya mafuta na gesi yenye shinikizo. Ukizifungia kichwa cha karavani, mgongo wa gari ulishuka, kisha ukainuka wenyewe hadi gari likasimama sawa kama mwanzo. Asiyewahi kuvuta tela huenda asione maana ya jambo hilo. Gari likiinama nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na taa usiku zinamulika matawi ya miti. Citroën iliuondoa udhia huo bila dereva kugusa kitu. Kampuni imeshaachana na mfumo huo, na wapo wanaousikitikia hadi leo.

Peugeot 504 Wakenya hawahitaji kutambulishwa. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, lililobeba abiria wa masafa marefu kutoka Nairobi, ndilo hilohilo lililovuta karavani Ulaya, hasa lile refu lenye buti la mraba. Lilikuwa na ekseli ngumu nyuma na springi nne za koili badala ya mbili, kwa kuwa lilikusudiwa mzigo tangu kwenye mchoro. Sifa iliyolipa jina Afrika Mashariki ndiyo iliyolipa jina kwenye viwanja vya Ufaransa na Uingereza: kubeba na kutolalamika.

Kisha Volvo. Aina ya 240 ilitengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, zaidi ya magari milioni 2.8, na lile lenye buti refu likawa karibu alama ya familia ya karavani. Lilikuwa zito, na uzito ni sifa katika kazi hii. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyovuta, kwa hiyo mzigo wa karavani uliyakandamiza kwenye lami yakashika zaidi. Mbwa, maturubai, viti vya kukunja na watoto watatu vyote viliingia. Ningeulizwa kuchagua gari moja la zamani la kuiwakilisha jamii hii, ningechagua hilo, hata kama Range Rover ilivuta vizuri zaidi. Volvo haikuwa na majivuno, na watu wa karavani hawapendi majivuno.

Upendo huo wa uzito una sababu ya kitaalamu, na kila mwanachama mpya hufundishwa mapema. Vyama vya karavani hushauri kwamba, kwa mtu asiye na uzoefu, uzito wa karavani iliyopakiwa usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Mzigo unaoshuka kwenye kiungo uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani. Kwa hiyo vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli, na makabati ya juu huachiwa nguo na mikate. Hofu yao kubwa ni karavani kuanza kupepesuka kushoto na kulia. Upepo wa lori linalopita unaweza kuanzisha jambo hilo, na mwendo mkali hulizidisha mpaka nyuma inaiongoza mbele. Wazoefu husema uachie mafuta taratibu, ushike usukani sawa, na usikanyage breki kwa nguvu. Sheria nayo inawazuia: maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, yaani karibu kilomita 97, maili 50 kwenye barabara za kawaida nje ya miji, na ni marufuku kuingia njia ya kulia kabisa kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi. Hakuna anayeruhusiwa kukaa ndani ya karavani ikiwa inavutwa.

Kufika kiwanjani ni sherehe yenye mpangilio wake. Karavani husukumwa kinyumenyume hadi mahali pake, na hapo ndipo dereva hupimwa mbele ya macho ya majirani wote. Mwenzake husimama nyuma akionyesha kwa mikono, naye anapaswa kusimama mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Ndoa nyingi zimepata mtihani wake hapo. Siku hizi wengi wana mota ndogo zinazozungusha magurudumu ya karavani kwa rimoti, na aibu imepungua. Karavani ikishasimama sawa, miguu yake hushushwa, mtungi wa gesi hufunguliwa, pipa la maji huviringishwa chini hadi bombani na kurudishwa likiwa limejaa, na birika hutiwa motoni. Chai hutangulia hata kabla ya turubai la ubavuni kusimamishwa.

Jirani akikwama, hakuna anayengoja kuombwa. Wanakuja na vigingi, na nyundo, na ushauri mwingi. Kati ya karavani na karavani huachwa mita 6 kwa ajili ya moto, gari huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na usiku ukiingia sauti hushushwa. Chini ya sheria ya mwaka 1960, chama kinaweza kuidhinisha shamba la mkulima lipokee karavani tano tu za wanachama kwa wakati mmoja, na wengi huvipenda viwanja hivyo vidogo kuliko vile vikubwa. Ni hapo, kwenye majani yaliyolowa, ndipo gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huaibika na trekta la mwenye shamba huitwa.

Kuna jambo lisiloweza kuachwa. Waroma na Watravela wa Ireland nao wanaishi kwenye karavani, wengi wakizivuta kwa Ford Transit au pikapu, na kila mwezi wa Juni hukusanyika Appleby, Cumbria, kwenye maonyesho ya farasi. Sheria ya mwaka 1968 ilizipa halmashauri wajibu wa kuwatengea viwanja. Mwaka 1994 wajibu huo ukafutwa, na sheria ya 2022 ikaweza kumfanya mhalifu mtu anayekaa na gari lake kwenye ardhi ya mwingine bila ruhusa. Anayetoka likizo na karavani hukaribishwa kwa chai. Anayezaliwa na kuishi ndani yake hufukuzwa. Starehe ya akina Stables ilichotwa kwa watu hao, na kuwanyima mahali pa kusimama ni dhuluma.

Leo majina yamebadilika. Land Rover Discovery, iliyoanza mwaka 1989, bado inatajwa kwanza na wenye karavani kubwa, kwa kuwa inaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500. Wapenzi wa Volvo wamehamia kwenye XC60 na XC90. Kia Sorento ina wapenzi wengi. Mshangao mkubwa zaidi ni Škoda, ambayo miaka ya 1980 Waingereza waliitania mno. Sasa Superb na Octavia za dizeli zimekuwa chaguo la watu makini wasiotaka gari la juu. Dizeli ilipendwa kwa sababu huvuta kwa nguvu injini ikiwa bado inazunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu ya mlimani.

Umeme unakuja na maswali mapya. Nguvu hazikosekani: Tesla Model X inaruhusiwa kilo 2,250 na Kia EV9 hadi kilo 2,500. Tatizo ni masafa, ambayo hupungua hadi karibu nusu karavani ikiwa nyuma, na vituo vya kuchajia vilivyojengwa kana kwamba hakuna gari linalovuta kitu, hata mtu analazimika kuifungua karavani na kuiacha pembeni ndipo achaji. Serikali imepanga kukomesha uuzaji wa magari mapya ya petroli au dizeli pekee kufikia mwaka 2030. Nadhani jibu litakuwa lilelile la Sam Alper: karavani zirudi kuwa nyepesi.

Kwa msomaji anayeishi Uingereza na kufikiria kuijaribu safari hii na familia, mlango uko wazi kuliko zamani. Aliyepata leseni ya gari baada ya Januari 1, 1997 alihitaji mtihani wa ziada kuvuta karavani kubwa. Tangu Desemba 16, 2021 leseni ya kawaida ya Uingereza inatosha kwa tela la hadi kilo 3,500, mradi gari lenyewe limeidhinishwa. Kodi karavani kwanza kabla ya kununua. Na kabla ya kukodi, tafuta bamba la uzito kwenye fremu ya mlango wa gari lako au chini ya boneti. Namba ya kwanza ya uzito ni ya gari likiwa limejaa, ya pili ni ya gari pamoja na tela. Toa ya kwanza kwenye ya pili upate uzito unaoweza kuvuta gari likiwa limejaa. Namba hiyo ya pili ikiwa haipo, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta chochote.