Mubirizi na Sokwe Aliyeumwa Tumbo

Sikilizeni, wadogo zangu. Huku kwetu Ngungu, kama kwingine Kivu, mti wa mubirizi haukosekani kwenye uzio. Mtoto akishindilia bugali na maharagwe usiku, kesho yake tumbo limejaa kama ngoma, tate, yaani babu au bibi, hachelewi. Anachuma majani machache, anayafikicha ndani ya maji mpaka yatoe povu la kijani, anachuja, anampa mgonjwa. Uchungu wake hukaa ulimini hadi jua la utosi.

Je, inatibu kweli, au tunakunywa kwa mazoea tu? Swali hilo linatuvusha Ziwa Tanganyika hadi milima ya Mahale, Tanzania.

Mwaka 1987 mtafiti mmoja Mmarekani, Michael Huffman, alikuwa huko msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za miti. Walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Siku hiyo Chausiku alikuwa hoi. Alilala tu, wenzake wakila. Baadaye akajikokota hadi kwenye mti uleule tunaouita mubirizi, akavunja tawi changa. Majani akayatupa. Ganda akalimenya kwa meno. Kisha akatafuna kiini laini cha ndani, akafyonza maji yake machungu na kutema makapi. Kalunde akamwambia mwenzake kwamba kwa Watongwe huo ni mjonso, dawa kali ya tumbo. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa mzima, anakula na kutembea.

Habari tamu, lakini msikimbilie kushangilia. Sokwe mmoja kupona hakuthibitishi kitu. Huenda angepona hata asingegusa mti. Ndiyo maana watafiti walisubiri mgonjwa mwingine, na walipompata walipima kinyesi chake kwa hadubini. Kabla ya kutafuna mubirizi, gramu moja ya kinyesi ilikuwa na mayai 130 ya minyoo. Baada ya saa 20 yalikuwa 15. Wanakemia wa Kijapani nao wakachunguza utomvu wa mti huo maabarani, wakapata vitu vichungu vinavyodhoofisha minyoo ya kichocho.

Wakagundua na jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: sumu ya mti huu imejaa zaidi kwenye majani na ganda, yaani zile sehemu alizozitupa Chausiku! Kwa hiyo tate anapohesabu majani na kukataa kuwaongezea kikombe cha pili, mtiini. Hata Kameruni na Nijeria, ambako majani haya ni mboga, mpishi huyaosha na kuyachemsha kwanza apunguze uchungu.

Sasa tuwe wakweli. Mayai yale yalikuwa ya minyoo. Kuvimbiwa kwa kula kupita kiasi ni ugonjwa mwingine, na ushahidi wa mubirizi juu ya minyoo hauwezi kuhamishiwa huko. Kwa kuvimbiwa, mmea mmoja uliopimwa ni tangawizi, ile ya sokoni. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan waliwapa watu 24 wenye afya tangawizi siku moja, na siku nyingine dawa ya bandia, wasijue ni ipi. Kwa tangawizi, nusu ya chakula ilitoka tumboni kwa dakika kama 13. Kwa ile ya bandia, kama 27. Mwaka 2011 walirudia kwa wagonjwa 11 wa kuvimbiwa. Tumbo lilimwaga chakula haraka zaidi, lakini wagonjwa wenyewe hawakusema wamepata nafuu. Ushahidi ni huo, nusu njia, na ninyi mnaosoma sayansi leo mnaweza kuumalizia.

Barabara inapofungwa kwa vita au kwa tope, dawa za duka hazifiki milimani, na uzio wa tate ndio uliopo. Basi mwulizeni angali hai: sehemu gani ya mti, kiasi gani, nani asipewe. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasinyweshwe mubirizi. Na mtu akitapika damu, akipata choo cheusi, au mtoto akiharisha mpaka macho yakadidimia, acheni majani. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.