Daktari Anaposema "Miezi Sita"

Leo twafungua Isaya, sura ya 38, habari za mfalme Hezekia, aliyeletewa neno kwamba ugonjwa wake ni wa kufa, akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15.

Mzee mmoja wa hapa Gatina alikutwa na kansa ya umio, yaani njia ipitishayo chakula hadi tumboni. Wanawe walinijia usiku. "Pasta, daktari ametuambia ni miezi sita. Tafadhali, baba asijue."

Hesabu hiyo yatoka wapi? Daktari hakuonyeshwa siku ya mtu kufa. Hutazama uvimbe umechimba ukuta wa umio kwa kina gani, kama umefika kwenye matezi ya karibu, na kama umesambaa hadi ini au mapafu. Tena hupima uzito uliopotea, na kama mgonjwa angali akitembea au ashinda kitandani. Kisha hulinganisha na wagonjwa wengi wa hali hiyo. Akisema miezi sita, mara nyingi maana yake ni kwamba karibu nusu yao walifariki kabla ya hapo, na nusu waliishi zaidi, wengine zaidi sana. Mzee wetu yumo katika nusu ipi, hakuna kipimo kiwezacho kusema.

Shida yetu kubwa ni kuchelewa. Umio hutanuka, kwa hiyo ugali huanza kukwama uvimbe ukiwa umekwisha kukua. Wengi hugeukia uji kwa miezi, wakidhani ni vidonda vya tumbo, au wamerogwa (hata washiriki wetu!). Wala si ugonjwa wa wazee peke yao: mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha habari za vijana wa Bomet wenye kansa hii. Chakula kikikwama mara kwa mara, omba upimwe kwa kamera. Ikikutwa mapema, upasuaji waweza kuiondoa. Ikichelewa, mrija wa waya huweza kufungua njia, mgonjwa akala tena.

Nilikataa kuificha siri ile. Hezekia aliambiwa, ndipo akapata nafasi ya kuomba. Tuliketi na mzee, wanawe wakamweleza. "Nilijua," akasema. Akaitisha karatasi, akaandika mambo ya shamba na wanaomdai. Jumapili nikampelekea Ushirika Mtakatifu, mkate nikiulowesha katika divai ili upite.