Setilaiti na Mbu wa Malaria

Mtu akisikia kwamba kuna setilaiti zinazopiga picha za mashamba na nyumba zetu, swali la kwanza huwa: je, zinatuona? Tuanze na hilo.

Setilaiti ya kwanza ya biashara kupiga picha za dunia kwa undani wa mita moja iliitwa IKONOS. Ilirushwa kutoka California, Marekani, tarehe 24 Septemba 1999, baada ya mwenzake kupotea katika jaribio la mwezi Aprili mwaka huohuo. Jina latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya picha, ndilo hilohilo lililotupa "ikoni" za kanisani. Awali picha za namna hiyo zilikuwa hasa mikononi mwa majeshi. Sasa hata chuo au hospitali yenye fedha iliweza kuzinunua. IKONOS ilizunguka kilometa 681 juu ya ardhi hadi ilipostaafishwa mwaka 2015.

Picha yake imefanywa kwa nukta nyingi. Katika picha nyeusi na nyeupe, nukta moja ni eneo la mita moja kwa mita moja hivi. Katika picha ya rangi, mita nne. Paa la bati laonekana, na mwembe pia. Lakini wewe uliyesimama uwanjani, ukitazamwa kutoka juu, hujazi hata nukta moja. Hata WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014 na yenye nukta ya sentimeta 31, haiwezi kuutambua uso wa mtu. Tena mawingu yakitanda, setilaiti za aina hii hazioni ardhi.

Basi muuguzi ana haja gani nazo? Malaria, ndugu zangu.

Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, wataalamu walitumia picha za IKONOS kutafuta mazalio ya mbu, wakatoa matokeo mwaka 2006. Maji huonekana meusi pichani, na majani mabichi hurudisha aina ya mwanga ambayo macho yetu hayaioni lakini chombo huiona. Hivyo bonde, kinamasi na shamba vyaweza kutofautishwa. Mazalio mengi yalikuwa mabondeni, kwenye mashamba na malisho.

Hata hivyo mengi hayakuonekana pichani. Si ajabu: mbu wa malaria hupenda maji madogo yaliyo wazi juani, kama alama ya kwato za ng'ombe au shimo la matofali. Tena katika joto, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Picha ya mwezi uliopita yaonyesha dimbwi ambalo mbu wake wamesharuka zamani! Kwangu mimi, picha hutuambia tuanzie bonde gani. Dimbwi lenyewe hutafutwa kwa miguu.

Kwa hiyo mvua zikianza, zungukeni uwanja na shamba kila wiki. Fukieni mashimo, toeni maji yaliyotuama. Chandarua kiendelee kutumika kila usiku, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.

Mkichungulia dimbwi, angalieni viluwiluwi vimekaaje. Vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini.