Kusaka Seli ya Saratani Katika Kichupa cha Damu

Mwaka 1869, daktari Thomas Ashworth wa Australia aliichunguza kwa hadubini damu ya mtu aliyekufa kwa saratani, akaona humo seli zinazofanana na zile za uvimbe wenyewe. Kuziona ni jambo moja. Kuzinasa ni kazi nyingine, maana seli moja ya namna hiyo huweza kujificha kati ya seli za damu zipatazo bilioni moja.

Mwaka 2007, timu ya Mehmet Toner na Daniel Haber huko Boston, Marekani, ilitangaza chipu ya silikoni yenye nguzo ndogondogo 78,000, kila moja ikiwa na kipenyo cha mikromita 100, karibu sawa na unene wa unywele. Nguzo hizo zimepakwa kingamwili zinazoshika EpCAM, protini iliyomo kwenye seli za saratani nyingi, kama za matiti na mapafu, lakini haipatikani kwenye seli za damu. Damu husukumwa polepole, mililita moja au mbili tu kwa saa. Seli za damu hupenya na kwenda zao, kama maji kwenye mizizi ya mikoko. Ya saratani ikigusa nguzo, hunata.

Katika sampuli 116 za wagonjwa ambao saratani yao ilikwishasambaa, seli zilipatikana katika 115. Magazeti yakishangilia matokeo ya aina hii, mimi huuliza: ilikwishasambaa kiasi gani? Wagonjwa wa hatua za mwanzo waliopimwa walikuwa saba tu, wote wa tezi dume.

Tupige hesabu. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Kichupa cha mililita 10 ni sehemu moja ya 500. Uvimbe mchanga ukiwa umemwaga seli 100 tu katika mwili mzima, vichupa vinne kati ya vitano havitakuwa na hata moja. Hapo chipu haina kosa lolote: haiwezi kunasa kisichokuwemo.

Kuna na seli zinazopoteza EpCAM zinapojiandaa kusambaa. Kwa hizo, timu hiyohiyo ilileta mwaka 2013 chipu inayofanya kinyume: huchuja chembe nyekundu kwa ukubwa wake, huvuta nyeupe kwa sumaku, kisha hukagua kinachobaki. Uchache wenyewe haukuondoka, ndiyo maana sasa watafiti wanajaribu kupitisha damu nyingi zaidi kwenye mashine inayomrudishia mtu damu yake palepale kitandani.