Kitako cha Bunduki na Mvua za Mlimani

Apandaye kutoka Moshi kwenda Mweka mwezi wa Aprili, masika yamekolea, hushuhudia mlima mmoja ukiwa na hewa mbili: mjini nguo zilizolowa asubuhi huweza kukauka alasiri, ilhali juu, penye msitu wa mita 2,200 hivi ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, unyevu hupenya hata sanduku lililofungwa. Msitu huo umo katika Hifadhi ya Taifa, na kuwinda humo ni marufuku. Lakini askari wa wanyamapori hupita humo na bunduki begani, na mwindaji mwenye kibali, ashukapo nyika za Simanjiro wakati wa vuli, huichukua bunduki iliyolala miezi yote nyumbani kwake mlimani. Kwao kitako, nami nakusudia mti mzima uushikao mtambo na kasiba, si pambo hata kidogo.

Mti, ujapokatwa, ukarandwa na kupakwa vanishi, hauachi tabia yake ya kunywa maji. Huvuta mvuke wa hewa na kufura mpaka unyevu wake ufikie takriban asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Nao hufura kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Mti wa jozi, uliotukuzwa na mafundi wa Ulaya, toka ubichi hadi kukauka kabisa hunywea kwa upana kiasi cha sehemu 7 katika 100. Hesabu hiyo huonekana hafifu, lakini nafasi baina ya kasiba na mfereji wake uliochongwa kitakoni yaweza kuwa nyembamba kama karatasi, na mti ukishafura upande mmoja na kuibana kasiba, mtetemo wa mlio hubadilika, hata risasi iliyopiga katikati ya shabaha mwezi wa Januari ikaenda kombo Aprili bila mwenyewe kutambua. Nyati akipigwa tumbo badala ya moyo hujitia kichakani na maumivu yake, na atakayekutana naye kesho yake huenda akawa mchungaji asiyejua lolote la risasi ile. Ndiyo sababu nalishughulikia jambo hili.

Katika miti yetu mninga ndio wenye sifa, kwa kuwa hunywea na kufura kidogo sana. Mpingo ni mzuri wa macho, walakini ni mzito hata huzama majini. Iliyo bora kuliko mbao nzima, kwa rai yangu, ni ile ya tabaka nyembamba zilizogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka: huongeza uzito, lakini haipindi upesi. Kitako cha nyuzi za kioo hakidhuriki na mvua kabisa. Plastiki ya bei nafuu nayo hainywi maji ya kutajika, ila sehemu yake ya mbele huweza kupinda mkononi na kuigusa kasiba, tukarudi tulikotoka.

Mwenye kitako cha mti asikitupe. Ampe fundi aupanue mfereji hata kasiba isiguse mti, kisha apake kinga ya unyevu ndani ya mfereji na chini ya bamba la nyuma, palipokatwa nyuzi, maana hapo ndipo mti unywapo zaidi na ndipo wengi wasipopaka. Mwenye nyuzi za kioo naye asilale, kwani chuma kilichofichika chini yake hushika kutu kimya kimya. Arudipo mvuani aifungue bunduki, aipanguse, aiache wazi mbali na moto, na kabla ya safari nyingine aipige tena shabahani.