Wufa ya Sh6,500 ilivyonitoa chuoni, na daftari la binamu yangu

Pesa za HELB ziliingia Alhamisi usiku. Nakumbuka kwa sababu hosteli nzima ilipiga nduru kama Gor wamefunga bao. Nilikuwa mwaka wa pili, na simu yangu haikuwa imewahi kuona hela nyingi hivyo. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimenunua wufa ya Sh6,500, raba nyeupe, na nyama choma ya watu saba ambao wawili kati yao sikuwa nawajua majina.

Wiki ya tatu nilikuwa nimesota.

Sasa hapo ndipo mambo yalianza kuwa mabaya, si kwa wufa. Nilikopa Sh2,000 kwa programu moja ya simu. Siku ya kulipa ilipofika nikakopa kwa nyingine nilipe ya kwanza. Nikabeti kidogo nikitarajia kuziba pengo, na pengo likapanuka. Halafu mama akanitumia Sh14,000 za kumalizia karo. Alikuwa ameuza ndama. Nilijiambia nitazitumia kulipa zile deni tu, kisha nizirudishe kabla ya mitihani. Komredi, sikuzirudisha. Mwenye salio la karo hakuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Nikasema nitaahirisha muhula mmoja. Huu ni mwaka wa nne na muhula huo haujaisha.

Ninaandika haya kwa sababu binamu yangu alijiunga na chuo, na akaja kwangu kuuliza apangeje pesa zake. Si alijua nani wa kuuliza? Nilidhani ananicheka. Akasema, “La, bro, wewe ndiye unajua mahali zinapotelea.”

Basi tuliketi kwa keja yangu na daftari la kurasa 48. Kitu cha kwanza tulichoandika hakikuwa matumizi bali idadi ya wiki. Muhula wake una wiki 16. Mimi sikuwahi kuhesabu wiki hata siku moja. Nilikuwa nahesabu pesa, na pesa zikiwa peke yake huonekana nyingi.

Mkopo wa HELB, kwa asiyejua, una sehemu mbili. Ya karo huenda moja kwa moja hadi chuoni, ya matumizi humjia mwanafunzi. Hiyo ya pili kwake ilikuwa Sh24,000. Mama yake humtumia Sh2,000 kila mwezi, kwa hivyo kwa miezi minne ni Sh8,000. Jumla Sh32,000. Ukiitazama hivyo tu unaanza kuota raba.

Tukatoa kodi kwanza. Anaishi na mwenzake, kila mmoja anachangia Sh2,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh8,000. Nauli ya kwenda na kurudi nyumbani, Sh2,400. Kuchapisha kazi za darasani na vitu vya masomo, Sh1,600. Zilizobaki, Sh20,000. Gawanya kwa 16. Sh1,250 kwa wiki. Nilimwona akikunja uso. Hiyo ndiyo pesa yake halisi. Zile elfu 32 zilikuwa za keateka na matatu tangu mwanzo.

Katika hizo 1,250, chakula ni 700, kwa kuwa wanapika pamoja na mwenzake. Unga, sukuma, maharagwe ya kuchemsha mara moja na kuyala siku tatu. Gesi 150. Bando 100, sabuni na vikorokoro 100. Zinabaki 200, na tulibishana juu yake karibu saa nzima. Mimi nilitaka zote ziwekwe akiba. Yeye akasema mpango usio na smokie pasua hata moja atautupa wiki ya pili. Alinishinda. Mia ni akiba, mia ni ya raha, na hiyo ya raha hatoi hesabu kwa mtu.

Swali likabaki: pesa zikae wapi? Zikikaa kwa simu yake zitaliwa, hata awe mtakatifu. Nilijitolea niwe benki yake. Alicheka hadi akakohoa. Benki ikawa Shosho. Shosho ana kabambe, hana WhatsApp, na hajui birthday ya mtu yeyote mjini. Kila Jumatatu asubuhi anatuma Sh1,250. Kodi anatuma tarehe ya kodi. Ada ya kutuma nailipa mimi, ndiyo kazi niliyopewa.

Wengine hutumia akaunti za kufunga, kama ile ya M-Shwari ambayo unafungia pesa kwa muda uliochagua. Ni sawa pia. Lakini akaunti huwezi kuiogopa vile unamwogopa Shosho.

Kuna kitu kidogo ambacho nilikipuuza sana nikiwa chuoni, nacho ni ada za kutoa pesa. Kwa viwango vya sasa vya M-Pesa, kutoa Sh200 kwa ajenti ni Sh29. Kutoa Sh1,000 ni Sh29 hizohizo. Sasa mtu anayetoa 200 mara tano kwa wiki analipa Sh145, na anayetoa elfu moja kwa mkupuo analipa 29. Tofauti ni Sh116, yaani gesi karibu ya wiki. Na ukilipa kwa till dukani, mnunuzi hakatwi kitu. Binamu hutoa mara moja tu, Jumatatu, na kila jioni anaandika alichotumia. Haandiki kwa programu. Anaandika kwa daftari, kwa biro, mistari mitatu minne.

Usidhani mambo yalienda hivyo laini. Wiki ya tano chaja ya laptopu iliungua. Sh1,500. Akiba ilikuwa na Sh500. Hapa ndipo mimi ningesema “mpango umekufa” na kufungua programu za mkopo. Yeye alimpigia Shosho simu, akaomba Sh1,000 kutoka kwa pesa zake mwenyewe za mbele. Shosho alikubali, halafu akamkata Sh200 kila Jumatatu kwa wiki tano. Kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi alipokea Sh1,050, bila akiba, bila smokie. Alilalamika kwangu kila wiki. Chakula hakikuguswa.

Kilichomuuma zaidi si smokie bali mabeste. Group ya darasa inachanga ya matanga, ya birthday, ya “plot” ya Ijumaa. Ya matanga alitoa Sh50. Kwa zingine alijifunza kusema “sina” bila kueleza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya mpango wowote, na sina ujanja wa kukupa. Mimi nililisha watu saba nyama kwa sababu niliona aibu kusema neno hilo.

Na kwa wale wanaodhani hiyo pesa ni ya bure: riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Kuacha chuo hakufuti deni. Naongea nikijua. Nalipia digrii ambayo sina.

Mama alidhani nilishindwa na masomo. Nilimwambia ukweli mwaka jana tu, tukichambua maharagwe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza wufa ilikuwa bei gani. Nilipomwambia, akasema ndama angekuwa anakamuliwa sasa.

Binamu yuko wiki ya 11. Jumatatu Shosho alirudi kwa Sh1,250 kamili, na mia ya kwanza ya akiba mpya imeandikwa. Mitihani ni ya wiki ya 15 na 16, na karo yake haina salio.

Wufa ningali nayo. Spika moja inakwaruza. Naiuza Sh1,800, na kwa mkopo sitoi.